Ramani Yenye Surua

Jumapili, 4 Agosti

Wiki nne na siku moja tangu ndoa. Bado nikiamka nagusa mkono wake kwanza, nihakikishe si ndoto. Mkono wa mume wangu! Kucha fupi, unanukia sabuni hadi kwenye kiwiko. Sijawahi kushika mkono msafi kama huu, na mimi nashinda dukani nashona mapazia ya watu, mikono nimeona.

Leo tumeanza kupanga fungate. Mkuu wake hatimaye kampa siku tano. Nimebandika ramani ukutani juu ya meza ya chakula, nimenunua kalamu za rangi nne. Hifadhi ya kwanza iko kusini, ya nyasi na tembo. Ya pili kaskazini, ya misitu na maporomoko. Katikati yao barabara ya mlimani — kona themanini na tatu, na mawingu chini ya magurudumu. Nimeipenda barabara hiyo tangu kidato cha pili, ilikuwa picha ya kalenda ofisini kwa mwalimu wa jiografia. Nilikuwa natumwa chaki, nasimama naitazama mpaka nasahau chaki. Nilijiapiza siku nikipita pale nitakuwa nimeshika mkono wa mtu. Sasa mtu ninaye.

Gari anatuazima wifi yangu, dada yake. Kasema mradi tusilirudishe na nyani ndani. Kisha akanitazama: "Na wewe mzoee mapema. Huyu kaka yangu hasafiri, anakagua."

Nikacheka. Sikuelewa.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeelewa.

Mume wangu ni afisa afya. Wilaya nzima wanamwita Bwana Afya, hata mama yake. Kazi yake kuingia majikoni mwa hoteli, vyooni, kufunua matangi ya maji, kisha kusaini cheti au kunyima. Njia yetu yote imo katika eneo lake. Mimi nasoma majina ya mahali pa kulala, yeye ananiambia alichokuta.

Ile hoteli ya getini, yenye bustani ya mawaridi? Mpishi anajikuna mgongo kwa mwiko. Mwiko wenyewe unarudi chunguni.

Ile ya karibu na kituo cha mafuta? Friji iliharibika Machi, nyama ikabaki humo hadi Aprili. "Ilikuwa inatembea," kasema. Akaendelea kula supu yake. Mimi yangu nimeirudisha jikoni, nimeifunika.

Lakini anasimulia vizuri jamani! Macho yanamng'aa. Na kila akimaliza kisa anachukua kalamu nyekundu, anatia alama kwenye ramani: mende, panya, choo. Ananilinda. Wanawake wangapi wana mume wa kuwalinda na mwiko?

Alhamisi, 8 Agosti

Sili mkate wa dukani tena. Alikuta nywele ndani ya donge la unga, si moja, kishungi. Sinywi juisi ya mtaani. Fundi mwenzangu dukani alinimegea andazi lake leo, nikaangalia kucha zake, nikasema nimeshiba. Kanuna. "Tangu uolewe umekuwa bibi wa kizungu," kasema.

Nikamwambia kuhusu kile kitambaa cha kufutia meza katika hoteli ya maporomoko, ambacho pia ndicho cha kufutia sakafu, ambacho pia ndicho alikuta wamemfunika nacho mtoto wa mpishi aliyelala. Akaliweka andazi chini. Sasa hatuli wote wawili.

Ramani imeshikwa na surua. Vidoa vyekundu kusini, vidoa kaskazini. Nimehesabu kumi na saba. Mpenzi wangu anasema tubebe mashuka yetu, birika letu, vikombe vyetu, na dawa ya kutia majini. Nimeanza kushona mashuka, nimeyatia herufi zetu pembeni kwa uzi wa bluu. Hata uchafu wa dunia una faida, umenipa sababu ya kutarizi jina lake.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegundua kitu! Kuna mahali pamoja hakutia doa.

Ni ile nyumba ya wageni ya ukingoni, pale juu kabisa barabara inapovuka mgongo wa mlima. Vyumba sita tu. Chumba cha mwisho kina dirisha linalotazama bonde lote, upande huu hifadhi ya kwanza, upande ule ya pili. Nimeiona picha yake kwenye simu ya mteja aliyekuja kupima mapazia. Dirisha kubwa, pazia lao la hovyo, limekatwa fupi. Ningewashonea bure.

Nikamwuliza: hapa je? Alikuwa anaosha kikombe. Kakiosha kwa muda mrefu.

"Hapo pako sawa."

"Sawa tu? Hakuna panya? Hakuna mwiko?"

"Pako sawa, mke wangu. Ila kona nyingi, utatapika. Tupite barabara ya chini, ni tambarare, tutafika mapema."

Anavyonijali! Nimemwambia nitatapika kwa furaha. Barabara ya chini ina malori na vumbi, hakuna mtu aliyewahi kuiweka kwenye kalenda.

Jumatatu, 12 Agosti

Kapendekeza tena barabara ya chini. Mara ya tatu. Leo sababu ni breki za gari la wifi. Wifi alikuwepo, kajibu palepale: "Breki nimebadilisha mwezi uliopita, baba. Tafuta ugonjwa mwingine."

Jumanne, 13 Agosti

Nimepiga simu ukingoni mwenyewe, nimshangaze mume wangu kwa kukiwahi chumba cha dirisha. Kapokea mama mwenye nyumba. Sauti ya upole, ya mtu mzima, ananiita mwanangu. Chumba kipo. Nikamwambia tuko katika fungate, kashukuru Mungu kama ninaolewa kwake.

Na mimi sasa nimeharibika, siwezi kukata simu bila kuuliza. Nikauliza maji wanatoa wapi.

"Tenki lile lile, mwanangu. Alilijenga marehemu mume wangu."

Lini limesafishwa?

"Mwaka huu tulitaka kuliosha, maji yalikuwa yananukia kidogo. Kijana wangu alishakodi na ngazi. Halafu kikaja cheti, kimeandikwa tenki ni safi, maji yanafaa kunywewa. Tukaona wataalamu wamesema, sisi ni nani. Tukarudisha ngazi."

Nilifurahi kwa kiburi. Huyo mtaalamu nalala naye! Nikamwomba anisomee, nisikie jina la mume wangu likisomwa mlimani. Kasoma polepole, herufi kwa herufi. Jina lake, cheo chake. Kisha tarehe. Alikagua na kusaini Alhamisi, tarehe sita Juni.

Nikasema asante mama. Nikakata simu.

Tarehe sita Juni naijua. Imo ndani ya daftari hili hili, nimefunua nikaisoma mara nne: "Mvua kutwa. Barabara ya mlimani imefungwa kwa tope, mpenzi wangu alikuwa aende kazini huko, nikamlilia asiniache, kabaki. Kashinda dukani kwangu kanishikia pini za gauni la harusi moja moja. Siku tamu kuliko zote maishani mwangu. Mungu nihifadhie siku hii."

Pini moja moja. Na cheti alikisainia wapi? Labda kwenye meza yangu ya kukatia. Kulikuwa na makaratasi. Nilimwazima kalamu.

Jumatano, 14 Agosti

Kanipa tonge kwa mkono wake chakula cha jioni, kama kawaida yetu. Limekaa mdomoni. Sikuweza kumeza, sikuweza kutema. Mkono ule ule, sabuni ile ile. Nikaenda jikoni nikalitoa kwenye karai. Nikasema ni tumbo.

Kaniuliza: "Umekula nini nje?"

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemwambia. Nilitaka kungoja, lakini alikuwa anaosha mikono, mara tatu hadi kiwiko kama daktari, nikashindwa.

Sikupiga kelele. Nilimwekea daftari mezani, ukurasa wa Juni, nikasema yule mama kanisomea cheti.

Kasoma. Kakaa. Maji yanamchuruzika viwikoni, hakuyafuta.

Kasema kila mtu ofisini hufanya. Barabara ilikuwa imefungwa, na mwisho wa mwezi ripoti inatakiwa imejaa. Pale juu hapajawahi kuwa na tatizo miaka yote. Alikusudia kupanda baadaye, kisha ikaja harusi.

"Na wewe ulilia nisiende," kasema. Hakunilaumu. Kasema taratibu, kama anayesoma kilichoandikwa. Na kimeandikwa, kwa mwandiko wangu.

Hicho ndicho kinachonichefua zaidi. Niliona kinyaa cha mwiko wa mpishi, cha nywele, cha friji. Wale watu hawana cheti kinachosema mwiko ni safi. Mama wa ukingoni alitaka kuosha tenki lake, akarudisha ngazi kwa sababu ya karatasi ya mume wangu. Tangu Juni wageni wanakunywa. Na mimi nilikuwa na furaha, nimesimama juu ya kigoda, nageuka geuka na gauni.

Nikamwambia basi tunapanda Jumamosi, na tenki utalifungua wewe.

Kalifunga daftari. "Nikifungua nikakuta kitu, nitaandika nini? Kwamba Juni nilikuwa kipofu? Nitaulizwa Juni nilikuwa wapi. Kazi itakwenda."

"Sema ulikuwa wapi."

"Na kama hakuna kitu?"

"Basi tutakunywa wote wawili, mbele yake."

Kalala kwenye kiti. Kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Namchukia, na nimeamka mara mbili kumfunika shuka.

Ijumaa, 16 Agosti

Wifi kaleta funguo za gari. Kakuta ndugu yake uani anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa, mimi chumbani nakunja mashuka yenye herufi zetu. Kaniuliza kama tumegombana. Nikasema tumbo.

"Tumbo la nani? Lako au la ndoa?"

Nikamwambia, nusu tu. Nusu ikamtosha. Kakaa kitandani juu ya mashuka yangu mapya na viatu vyake vya nje.

"Huyu tangu mdogo," kasema, "akivunja kikombe anaosha vyombo vyote vilivyobaki. Mama anakuta jikoni kunameta, anamsifu. Vipande anakuja kuvikuta baada ya mwezi, chini ya gunia." Kisha kaongeza nisimsugue sana, mume si sufuria.

Jioni mume wangu alikuja akasimama mbele ya ramani. Kachukua kalamu nyekundu. Nilidhani anafuta safari. Katia doa ukingoni, juu kabisa, dogo. Hakuandika kitu kando yake. La kumi na nane.

Sijamgusa. Ila nimempa kikombe cha chai, na kakipokea kwa mikono miwili kama mgeni.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika katika chumba cha mwisho, ukingoni.

Kona za kupandia nimezihesabu zote. Mawingu yalikuwa chini ya magurudumu kweli, kalenda haikudanganya. Kwenye kona ya arobaini hivi jua lilitoka, bonde lote likawa la dhahabu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye wake. Kabla sijakumbuka. Nikauacha hapo mpaka kona iliyofuata, kisha nikauondoa.

Dirisha ni zuri kuliko picha. Pazia kweli fupi. Ukutani sebuleni cheti kimewekwa kwenye fremu, kioo kimefutwa, maua ya plastiki mawili juu yake. Mume wangu alipita mbele yake kama anayepita msiba wa jirani aliyemkosea.

Mama ni mfupi, mnene, amevaa sweta mbili. Alipojua ni yeye — "Wewe ndiye uliyetusainia!" — kamkumbatia. Kakumbatiwa mikono imening'inia. Kisha kamwambia mama anaomba ngazi.

"Ya nini, mwanangu? Umeshaona."

"Nataka kuona tena."

Wakati ngazi inatafutwa, mama kaleta trei sebuleni, jagi na bilauri. Wageni wengine ni mume na mke na watoto watatu, wametoka hifadhi ya kaskazini, vumbi hadi kope, wanalilia maji. Nikaliinua jagi kabla halijaguswa. Nikasema samahani, nina kiu, nalibeba lote. Watoto wakanitazama kwa chuki. Kwenye gari tulikuwa na maji yetu ya kuchemsha ya safari nzima, nikawapa wale, kila mmoja kwa kikombe chetu. Mama kacheka: "Bibi harusi ana kiu ya ngamia! Ngoja nijaze jingine."

Jagi liko hapa mezani mbele yangu. Maji yametulia. Ukiyatazama juujuu ni meupe tu. Ukiinamisha uso karibu kuna harufu, ndogo, ya kitu kilichofunikwa. Chini kabisa kuna uzi mmoja mwembamba, wa kijivu. Nashona kila siku, najua uzi. Huo si uzi.

Kupitia dirishani namwona mume wangu. Yuko juu ya ngazi. Mfuniko umekwama, kaupiga kwa kiganja mara tatu, sasa umetoka. Kainama. Kageuza uso haraka, pua kwenye kiwiko — kile kiwiko. Kakaa hivyo. Kisha katazama ndani tena, kwa muda mrefu, bila kuziba pua.

Mama anatoka na jagi tupu kwenda bombani. Anapita chini ya ngazi, anasimama. Anainua uso, anacheka, anamwuliza kitu. Dirisha limefungwa kwa baridi, sisikii. Naona tu mume wangu anajifuta mikono kwenye suruali. Yeye, kwenye suruali. Na mama bado ameinua uso, anangoja jibu, mkono wake mwingine uko juu ya bomba.