Jembe Juu ya Mizani

Tarime Mjini,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kaka yangu Nchagwa,

Shikamoo. Najua ukiletewa barua ya karatasi utashtuka udhani kuna msiba. Hakuna msiba. Kaa chini, malizia chai yako, mimi ni mzima kabisa na kazi inakwenda. Naomba na ninyi huko Machochwe muwe hivyo hivyo: mama na magoti yake, wifi Veronika, na yule mtoto mnayesema amechukua paji langu la uso, pole yake. Na tembo je? Mama aliniambia wamevuka tena wakakanyaga mihogo ya jirani. Nashukuru mahindi yetu yalikuwa yameshaingia ndani.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu sherehe ya harusi yangu ya Desemba nimeupata. Nimeusikiliza mara sita. Nimefurahi kwamba mbuzi wamepatikana, na kwamba wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti, maana ukinyimwa utakishika tu. Umesema utafungua na hadithi ya Gunia, ili ndugu zake Emanuel wajue mapema wanaoa nini, wavunjike mbavu. Hapo ndipo ilipotoka barua hii. Nimekupigia mara tatu tulizungumze, lakini kila ukipokea unasema Gunia hujambo, na mimi nacheka kabla hujamaliza. Nikishacheka siwezi tena kusema kitu. Kwenye karatasi hunisikii nikicheka.

Ngoja kwanza nikupe habari za kazi, maana bila hizo hutanielewa.

Tunafanya utafiti wa namna watu wanavyokula, wanavyosemwa kwa ajili ya miili yao, na msongo wa mawazo unaowapata kwa kusemwa huko. Mkubwa wetu ni Daktari Elieth wa chuo kikuu, mama wa makamo, mpole, lakini hasahau kitu. Mimi ni mdadisi: natembea nyumba kwa nyumba na dodoso la maswali arobaini na mawili, na mizani begani. Wewe ulisema jirani yenu anaifanya kazi hiyo ya kuuliza watu wamekula nini, na anaifanya bure. Nilicheka na hapo pia.

Kabla hatujaenda vijijini, Daktari alimtaka kila mdadisi ajaze dodoso lake mwenyewe, tuonje kuulizwa kulivyo. La kwangu nililimaliza kwa dakika nne. Maswali yote nilijibu hapana, sijawahi. Daktari akalitazama, akanitazama na mimi, akasema vizuri, akalitia kwenye bahasha. Lishike hilo dodoso, nitalirudia.

Tukaanzia Itiryo. Kanuni zetu hazituruhusu kutaja majina ya watu, kwa hiyo nitakayekusimulia tumwite mama Waisiko, na mumewe mzee Stanslaus, na wewe usianze kupeleleza. Mizani kule wanaijua ya kliniki ya watoto tu. Unaijua ile kadi yenye rangi, mtoto akishukia kwenye nyekundu mama yake anasemwa mbele ya foleni nzima. Basi watu wakaelewana wenyewe kwamba safari hii serikali imekuja kupima watu wazima, na mwanamke atakayekutwa mwepesi, mumewe ataitwa ofisi ya kata ajieleze. Sisi hatukusema hivyo hata kidogo! Kesho yake wanawake wakaja wamevaa vitenge vitatu vitatu, kwenye jua lile.

Mama Waisiko ni mwembamba, mkono wake unauzungushia vidole viwili vikakutana. Akapanda kwenye mizani polepole kama amebeba trei ya mayai. Ikasoma kilo hamsini na tatu. Nikautazama ule mkono, nikaitazama namba, nikamwomba ashuke apande tena. Alipokuwa anashuka kitenge kikalegea, na jembe likaanguka. Jembe, kaka! Jembe zima lililotolewa mpini, na likaenda kutua kwenye kidole gumba cha mzee Stanslaus aliyekuwa amesimama pale kusimamia. Mzee akaruka mguu mmoja mpaka kwenye zizi, kuku wakatawanyika. Nyuma ya jembe zikafuata kufuli mbili na jiwe la kunolea panga. Mama wa watu akabaki amesimama, mpira wa baiskeli unaning'inia kiunoni.

Kumbe aliyemfunga vyuma vile ni mzee mwenyewe, asubuhi, kabla ya uji. Alituambia huku amekishika kidole chake kwamba ndugu zake wameshasema sana, eti anamnyima mke chakula, na akaona aibu hiyo isiandikwe tena kwenye karatasi za serikali. Tulicheka wote, na mama Waisiko alicheka kutushinda. Halafu nilipokaa naye pembeni kumuuliza maswali yangu, akaniambia kwamba kila anapokwenda kisimani wenzake wanamshika mkono na kumuuliza anaumwa nini, na wengine wananong'ona ugonjwa wanaoutaka wao. Chakula kikiletwa anaona macho yote yako kwenye sahani yake, tonge halipiti. Siku hizi anakula jikoni peke yake, matonge mawili matatu, kisha anasema ameshiba. Nikaandika majibu yake vizuri kabisa. Nilirudi na bodaboda nikiwa sina raha, na sababu nikajifanya siijui.

Wiki iliyofuata tukawa hapa mjini. Kuna mama muuza vitenge sokoni, naye tumwite mama Rahima, mnene, mzuri wa sura, kicheko chake unakisikia kabla hujaliona duka. Alinipa kiti, akaniita mwanangu. Nikawa hata sijafungua dodoso, ameshajitania mara tatu: kwamba bodaboda wakimwona wanajifanya wameishiwa mafuta, kwamba kitambaa cha gauni lake moja kinatosha sare za kwaya nzima, na lingine silirudii kwa sababu wewe utakwenda nalo kwa rafiki zako. Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka.

Swali la kumi na tisa linauliza kama mtu amewahi kula kwa kujificha. Hapo mama Rahima akaacha kucheka. Akanionyesha nyuma ya majora ya vitenge, kwenye kona. Akasema hapo ndipo anapokula, amesimama, ameupa mlango mgongo, haraka haraka. Mteja akimkuta na sambusa mkononi atasema ndiyo maana. Kwa hiyo mbele ya watu anashinda na chai ya rangi, na kule nyuma anakula mpaka tumbo linauma, kisha anajichukia. Nikamuuliza, kama dodoso linavyotaka, kama amewahi kumwambia mtu. Akasema amwambie nani, wakati wote wanadhani ni utani, na aliyewafundisha kwamba ni utani ni yeye mwenyewe. Yeye hucheka wa kwanza. Anayecheka wa kwanza, alisema, hakuna anayemuuliza kama ameumia.

Kaka, nilishindwa kuandika. Mama wa watu akaniletea maji akidhani nimepaliwa. Nilikuwa nalia.

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari Elieth nikamwomba lile dodoso langu. Hakulitafuta, lilikuwa juu kabisa. Akaniambia kwamba maswali yale hakuna anayeyamaliza kwa dakika nne isipokuwa anayeogopa kuyasoma, na kwamba alikuwa ananisubiri. Nikalijaza upya. Safari hii ilinichukua asubuhi nzima.

Sasa nisikilize, mura, kaka yangu, maana hili nalisema mara moja.

Mwaka niliokuwa kidato cha pili tulivuna magunia saba. Ulisimama uani ukayahesabu kwa sauti mbele ya baba mdogo na wageni wake, moja mpaka saba, halafu ukanigusa kichwani nilipokuwa nimekaa, ukasema nane. Watu walicheka. Mama alicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Kuanzia siku ile nikawa Gunia, na najua ulilisema kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo ukaliandika hata kwenye boksi la viatu ulivyoninunulia. Mimi mwenyewe nikalizoea mpaka kila meseji niliyokutumia nikaimalizia kwa jina hilo. Lakini jioni ya siku ile, na jioni nyingi baadaye, ugali wangu nilimpa mbwa wetu Askari. Mlishangaa sana mwaka ule Askari anavyonenepa wakati mbwa wa wenzetu wana mbavu nje. Basi ndiyo hivyo.

Nimejinyima chakula miaka kumi na moja, kaka. Najinyima siku mbili tatu, kisha nakula kwa kujificha mpaka naumia, kisha natapika, na nikitoka nje natabasamu. Ile siku niliyoanguka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, haikuwa malaria. Watu walisema malaria na mimi nikawaachia waseme. Ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, unakimbia na ndala moja, unalia waziwazi mbele ya wasichana wa darasa langu. Nakumbuka uliuliza njiani mbona mwepesi hivi. Nilikusikia. Nilitaka kukujibu, nikaona aibu. Leo ndiyo nimekujibu.

Nisamehe kwa kukuficha. Na mimi nimeshakusamehe, tena zamani, ila sikuwa nimekuambia kosa lenyewe, kwa hiyo usianze kujipiga kifua. Hukujua. Nakupenda kuliko unavyofikiri, na ndiyo maana jina lililotoka kwako liliniuma kuliko la mtu mwingine.

Daktari alinipeleka kwa mshauri hospitalini. Huwa nakwenda kila Alhamisi, hii ni wiki ya tano. Anasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una matibabu, na siyo tabia mbaya wala mapepo. Siku nyingine nateleza, lakini asubuhi nakunywa uji, bakuli zima, mezani, na Emanuel anajua. Nilipomwambia, aliniuliza mchana ningependa kula nini. Yule usimtanie sana, ni mtu mwema. Mama Rahima naye nilimpa namba ya mshauri, kama utaratibu wetu unavyotaka. Juzi nimepita dukani kwake nikamkuta amekaa mlangoni kabisa, sambusa mkononi, anatafuna anatazama barabara. Akanipigia kelele nije tule. Nilikula mbili!

Sasa ombi langu. Desemba kipaza sauti ni chako, na uwachekeshe kweli, sitaki sherehe ya kununa. Simulia nilivyofukuzwa na bata mzinga. Simulia barua ya mapenzi niliyompelekea mwalimu kwa bahati mbaya badala ya kazi ya jiografia. Hayo nakuruhusu, nitacheka kwa moyo wote. Hadithi ya Gunia tu, kaka, usiisimulie, siku hiyo wala nyingine. Na habari ya ugonjwa wangu mama mwambie wewe, taratibu, asije akalia siku tatu.

Mbuzi akichinjwa niwekee nyama na ule mchuzi mchungu wa kichuri, sahani ya kawaida, siyo ya mgonjwa wala ya bibi harusi. Nitakula mezani, watu wakiwa wamejaa. Wewe kaa pembeni yangu, usinitazame mdomoni, nipigie tu hadithi za ng'ombe wako.

Barua hii anakuletea Ezra, dereva wetu, anapita Mugumu kesho. Mpe maziwa mgando, amenivumilia sana na hii mizani yangu. Msalimie mama, umshikie magoti kwa niaba yangu, wifi Veronika mwambie kitenge chake ninacho, na mtoto mbusu kwenye lile paji la uso.

Mama ameniambia mwaka huu mmepata magunia kumi na moja. Hongereni sana. Wageni wakija, yahesabu kwa sauti kama kawaida yako, ukifika kumi na moja, ishia hapo.

Mdogo wako akupendaye,

Agness