Mke Wangu Ndiye Aliyeijua Petroli ya Gari, Sifa Nikazipokea Mimi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi ijayo haijafika, maana swali langu ni la petroli lakini linaninyima raha kama la ndoa. Mimi ni mwalimu wa udereva, huu mwaka wa kumi na tisa, na nina gari la zamani nililoachiwa na marehemu mjomba, gari lililotoka kiwandani mimi sijazaliwa, jeupe, lenye usukani mwembamba na viti vya ngozi vilivyopasuka, na ninalipenda mpaka mke wangu husema angekuwa mwingine angelionea wivu. Sasa mwaka huu vituo vya mafuta vya mjini kwetu vikaanza kuuza petroli iliyochanganywa na spiriti, nami nikawa najaza ile ya bei nafuu jirani na shule yetu, kwa kuwa mjaza mafuta wa pale ni rafiki yangu na aliniambia, "Mwalimu, petroli ni petroli," nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Haikupita miezi miwili gari likaanza kugonga kila likipanda mlima, mlio kama wa misumari ndani ya kopo, na aliyeusikia kwanza ni mke wangu, ambaye ni mtaalamu wa maabara hospitalini, mtu wa kupima damu na mkojo, hata baiskeli hajui kuendesha.

"Mwalimu," akaniambia, maana hata nyumbani huniita hivyo, "injini inalalamika. Hebu tuangalie unachoinywesha."

Nikamjibu, "Wewe na damu zako, mimi na magari yangu."

Akacheka, nami nikaenda kununua chupa ya dawa ya kuipa injini nguvu kwa muuzaji mmoja mwenye maneno matamu, nikaimimina yote, mlio ukabaki pale pale.

Asubuhi moja tukawa tunampeleka mama mkwe kliniki ya macho, tuko katikati ya mlima, mke wangu akasema, "Nasikia harufu ya petroli. Simama." Nikasema magari ya zamani yote hunuka. "Harufu ya jana haikuwa hii. Simama!" Mshauri, niliendelea kukanyaga mafuta, mpaka mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mkwe wangu, mwanangu huyu pua yake haijawahi kunidanganya. Tushushe." Nikasimama kwa heshima ya mkwe, si kwa akili zangu. Nilipozima na kufungua boneti, nikakuta mpira unaopitisha petroli umelainika kama tambi zilizoiva kupita kiasi, umechanika, na petroli inadondoka umbali wa kiganja kimoja tu na bomba la moshi lililokuwa la moto. Nikageuka, mke wangu ameshamtoa mama yake garini na kumsogeza mbali, kamshika kiwiko, anamwambia taratibu, "Hapa kuna kijiwe, mama, inua mguu," sauti yake imetulia kabisa.

Hakuniambia "si nilikuambia". Wiki hiyo alirudi kutoka kazini na mrija wa kioo wenye alama za vipimo, uliotupwa maabara kwa sababu mdomo umevunjika, akanituma nilete petroli kidogo kutoka vituo vitatu, akavaa glavu, akakaa uani mbali na jiko. Alimimina petroli mpaka alama ya tisini, akaongeza maji kumi, akaziba, akatikisa polepole, akaacha itulie. "Maji hukaa chini," akanieleza. "Yakibaki kumi, petroli ni safi. Yakipanda, ujue spiriti imeikimbia petroli na kujiunga na maji." Kwenye petroli ya rafiki yangu maji yalipanda mpaka kumi na tisa! Kwenye ya pili, kumi na saba. Kwenye ya tatu, ya kituo cha mbali kule maghalani, yalibaki kumi, hayakusogea hata unywele. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, namtazama mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na sita kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Kisha akasoma kijitabu cha gari ambacho mimi sijawahi kukifungua, akakuta injini ile inataka petroli yenye okteni ya juu, yaani ile isiyogongesha injini, si ya kawaida, na kituo kile cha maghalani kinayo, akaenda mwenyewe kwa fundi kuhakikisha mipira yote imebadilishwa. Siku hizi gari linapanda mlima kimya kama linateremka.

Basi mwezi uliopita tukaenda kwenye mkutano wa wenye magari ya zamani, wazee wakazunguka boneti yetu wakisikiliza injini, na mwenyekiti wao akauliza, "Nani amelitunza hivi?" Mke wangu alikuwa kando yangu ameshika chupa ya chai. Nikasema, "Ni mimi." Akatazama pembeni. Wakapiga makofi, wakaniomba Jumamosi ijayo nizungumze mbele ya wanachama wote kuhusu kuchagua petroli, nami nikakubali. Juzi mke wangu amenipa kurasa tatu alizoziandika kwa mkono, kila kitu kimo, akasema, "Usisahau kuwaambia watikise polepole, kuna mvuke," akaenda kuanika nguo.

Niambie, je, niendelee na petroli ya maghalani au ipo dawa nzuri ya kuchanganya? Na je, nizisome kurasa hizi? Nikisema ukweli, wanafunzi wangu watanicheka.

Mwalimu wa Udereva

JIBU

Ndugu mwalimu, pole kwa mlima ule, na hongera, ila hongera si yako.

Tuanze na petroli, kwa kuwa ndiyo uliyojidai kuuliza. Endelea na ya maghalani, na kila baada ya muda uipime tena, maana wauzaji hubadilisha mzigo bila kukupigia simu. Dawa za chupani achana nazo mpaka fundi akwambie ni ipi na ya nini. Nimemuuliza fundi mmoja wa injini kuukuu, akanikumbusha kwamba magari ya umri huo yalizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo ilizilinda valvu, na sasa haipo. Kwa hiyo mwambie fundi wako azikague valvu. Yamekwisha. Haya yote mkeo angekujibu bila stempu.

Sasa wewe. Ulimsikiliza mjaza mafuta, ukamsikiliza muuza chupa, ukamsikiliza mkweo, na mwenye masikio nyumbani mwako ukamsikiliza wa mwisho. Mwanamke huyo alimwokoa mama yake, akakuokoa wewe, akaliokoa na gari la mjomba, halafu akakuandikia hotuba ya kumwibia sifa zake mwenyewe. Mimi nimekaa kwenye meza hii miaka mingi, nasoma barua za watu wanaohesabiana makosa mpaka ya kijiko, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili yake tu.

Unaogopa kuchekwa. Mwanafunzi wako akigonga nguzo kisha akasema nguzo ndiyo iliyomfuata, utampitisha? Basi usijipitishe.

Nenda kwa mwenyekiti kabla ya Jumamosi, uso kwa uso, si kwa simu, umwambie aliyelitunza gari ni nani. Lakini kabla ya hapo muulize mkeo kama angependa kuzungumza yeye. Akikubali, kazi yako ni kumbebea vyombo na kukaa mstari wa mbele. Akikataa, usimsukume jukwaani ili watu waseme una mapenzi. Hiyo nayo ni sifa ya wizi. Utazisoma kurasa zake, na neno lako la kwanza liwe jina lake.

Na hayo yote yanaanza leo akirudi kutoka kazini. Usinunue zawadi, usitafute maneno ya mzunguko. Vuta kiti, mwambie, "Nilisema uongo ukiwa umesimama kando yangu, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Anaweza kucheka, anaweza kulia, anaweza kukaa kimya mpaka chakula kipoe. Wewe usiinuke kwenye hicho kiti.