Betri Zilizo Chini ya Pamba

Baba yangu,

Shikamoo. Na kama Mjomba Masunga amekufikia asubuhi, mwangaluka. Goti lako linasemaje na baridi hizi? Mama ameacha kukohoa? Mimi huku Dar es Salaam nipo, mwili mzima, ila roho haijatulia tangu jana Mjomba aliposhuka kwenye lori la pamba. Nimempa yeye barua hii kwa sababu simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, hupatikani.

Mjomba ameniletea habari zako huku anacheka. Kasema siku hizi wewe ndiye fundi wa betri za simu hapo Mkula, watu wanatoka hata Lamadi na betri zao zilizochoka, unazianika juu ya bati pamoja na zile za redio. Nikacheka na mimi, maana nimekua nikikuona unaanika za redio, na kweli zilikuwa zinapata nguvu, tunasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Halafu akasema zilizovimba unazilaza chini ya magunia ya pamba, uzito uzinyooshe, na kwamba Kabula wangu analala juu ya pamba hiyohiyo kwa kuwa ndiko kuna joto. Hapo kicheko kikaniishia, baba. Sina mtoto mwingine.

Nivumilie nikueleze. Kwenye godauni letu tunapokea mizigo ya simu. Tangu biashara iachiwe kila mwenye mtaji, makontena hayaishi. Kabla ya masika lilikuja moja lililokaa bandarini juani likisubiri makaratasi. Tulipofungua mlango, joto lilitupiga usoni tukarudi nyuma. Maboksi yalikuwa mazuri, hayana hata mkunjo, lakini ndani betri nyingine zilikuwa zimevimba matumbo. Bosi akasema tuchambue, zilizo bapa ziende dukani, zilizovimba tuzitie kwenye gunia pembeni. Hakuna aliyeona ubaya. Gunia likakaa chini ya bati, katikati ya maboksi matupu.

Baada ya chakula cha mchana nikasikia kitu kinafoka kama uji jikoni. Halima, mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, akalikimbilia gunia alitoe nje, likashika moto mikononi mwake. Moto ule haukuwashwa na mtu, baba. Tunauzima, unawaka tena, mpaka tulipoleta mchanga. Mkono wa Halima umekunjamana hadi kiwiko. Kila asubuhi namvalisha na kumfunga khanga, na yeye bado ananitania kwamba amepata mke.

Fundi wa simu aliyekuja baadaye alituambia neno ambalo sijalisahau: "Betri ya redio jua linaiamsha. Hii ya lithiamu jua linaipika." Ikipikwa inatoa hewa ndani, ndiyo maana inavimba. Ukiikandamiza, au ukiichaji tena, inaweza kuwaka. Hata ambayo haijavimba, joto la njiani na la stoo limeshaila nguvu, ingawa kwa macho ni mpya kabisa. Kwa hiyo usidhani nasema wewe ndiye umeziharibu. Betri hizo zimepikwa kwenye kontena, zikapikwa tena juu ya keria ya basi mpaka Bariadi, na muuzaji wa sokoni Somanda naye akazipanga dirishani jua liziwakie. Zinakufikia zikiwa zimeshaumia.

Pamba najua unamngoja mnunuzi mwenye bei nzuri, maana sasa kila kampuni inakuja na yake. Ingoje, sikukatazi. Lakini betri zisingoje pamoja nayo. Zitoe polepole, usizipige wala kuzitoboa, uziweke nje kwenye mchanga, mbali na nyumba na zizi. Wenye nazo wakilalamika, waambie ni Minza kakataza, wanisubiri nirudi wanitukane. Mjomba ameniahidi hatapanda lori lake mpaka azione ziko nje kwa macho yake. Msamehe akikusimamia kama askari, nimemwomba mimi.

Mama msalimie sana, mwambie khanga nimempatia. Msalimie shangazi muuza samaki, na kaka Dotto na ng'ombe zake, na mama jirani anayeimba sauti ya kwanza kanisani.

Najua utaguna, useme binti ameenda mjini kujifunza kumfundisha baba yake. Guna, hata ukitaka usinijibu mwaka mzima. Nikasirikie upendavyo, baba, lakini kwanza inuka ukamtoe Kabula kwenye chumba hicho cha pamba, ndipo ukae chini unikasirikie.

Ni mimi mwanao, naogopa,
Minza