Dirisha la Mama na Rangi za Mjomba

Nyumba ya pembeni,
Mtaa wa nyuma ya ghala.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Shemeji naye, mgongo wake umekubali kukaa kwenye kiti, au bado anakula amesimama? Wapwa zangu wasalimie sana, uwaambie mjomba wao hajafa, amechafuka tu.

Sisi huku tunasimama. Wifi yako ni mzima, ila wiki hizi amekuwa akipika na kitambaa puani, kwa sababu ambazo utazisoma.

Mama hajambo kiasi. Najua hilo neno "kiasi" ndilo unalolitafuta, basi nalianzia hapohapo. Barua yako nilimsomea yote, hata ile sehemu uliyoniambia nisimsomee. Umesema kifua chake hakiiwezi tena nyumba hii, umeshamtandikia kitanda kwako, na mwisho wa mwezi unakuja kumchukua. Ni kweli daktari alisema mtu wa kifua kile anataka hewa, na chumba chake hakina. Hapo sikuwa na la kukubishia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono, akasema, "Nihamishwe kama kabati." Halafu akakohoa mpaka chai ikapoa.

Hataki kwenda, Dada. Halii wala hasihi, unamjua. Aliniambia tu, "Nifungulieni dirisha langu kwanza. Likishindikana, nitakwenda." Kwa hiyo habari yangu yote ni ya dirisha, na kama unasoma huku unakula, maliza kwanza.

Unalikumbuka dirisha la chumba cha Mama, lile linalotazama barabara. Kila ulipokuja lilikuwa linang'aa kama meno ya bandia. Hiyo ni kazi ya Mjomba. Kwa faida ya shemeji, atakayechungulia nyuma ya bega lako, Mjomba ni mdogo wake Mama, na mtaa mzima unamwita Injinia. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, watu wakachoka kubisha. Tangu Baba atutoke, madirisha ya nyumba hii yako mikononi mwake, na ufundi wake ni mmoja: ikisikika kwamba unakuja, anapaka rangi. Hapigi msasa, habandui ya zamani, hafuti hata vumbi. Anapaka juu ya yote, utando wa buibui na mende aliyechelewa kukimbia, kila ujio wako na tabaka lake. Nawe kwa moyo wako mzuri, kila ukija unamletea kopo jingine. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nyumba yetu imekuwa kama bibi harusi anayevalishwa nguo juu ya nguo bila kuogeshwa.

Matokeo yake dirisha halifunguki. Rangi imegandisha kila kiungo, na tumelizoea hivyo mpaka tukasahau kwamba lina bawaba. Mjomba ukimuuliza anasema ni kwa ajili ya usalama. Mwizi haingii. Ni kweli, hata pumzi haiingii.

Nikamwita fundi seremala. Watu wanamwita Nitakuja, maana ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Alisema atakuja Jumatatu, akaja Alhamisi, na alipofika aliomba chai kabla ya kuomba ngazi. Mikono yake ina gundi ya tangu alipokuwa anajifunza kazi. Alichovya mkate kwenye kikombe mpaka kidole kikalowa, akakilamba, kisha kwa kidole hichohicho akaibonyeza fremu ya Mama. Kidole kikazama.

Sisemi kilibonyea. Kilizama, kama kwenye papai lililooza. Nitakuja akakichomoa, akakitazama, na safari hii hakukilamba.

"Bwana," akaniuliza, "hii ni mbao au ni nini?"

Akachukua patasi. Ngozi ya rangi ilichanika, ikaning'inia kama ngozi ya jipu lililopasuka. Ndani yake hapakuwa na mbao. Palikuwa na udongo wa mchwa, laini na wenye majimaji, mayai ya mende yamepangwa kama shanga, ukungu mweusi wenye manyoya, na mjusi mkavu aliyekufa mdomo wazi, nadhani kwa mshangao. Halafu zikaanza kutoka dawa za Mjomba za kuzibia nyufa. Sabuni ya kufulia iliyoshindiliwa kwenye ufa, imeota nywele. Magazeti. Soksi. Kitu cheupe ambacho Nitakuja alikinusa akasema ni dawa ya meno. Na kipande cha sketi yako ya shule, ile ya buluu, uliyoililia wiki nzima ukisema imeibwa kwenye kamba ya nguo. Haikuibwa. Ilipewa kazi.

Harufu yake siwezi kuiandika ikakufikia vizuri. Chukua kitambaa cha kudekia, kisahau ndani ya ndoo, halafu mwongeze panya. Chini ya harufu hiyo ndipo ulipo mto wa Mama. Huko ndiko alikokuwa akivuta pumzi, huku sisi tukimpa dawa ya kifua na kumwambia ni utu uzima. Nilitoka nikatapika karibu na bomba, na Nitakuja, ambaye sikumdhania huruma, alinishikia shati nisilichafue.

Mjomba alitukuta tunazoa. Alisimama mlangoni na suruali yake ya pasi, akaitazama ndoo, wala hakuziba pua. Amezoea.

"Dirisha lilikuwa zima mpaka mlipoligusa," akasema.

"Mzee, hili lilishakufa," Nitakuja akamjibu. "Wewe ulikuwa unambadilisha marehemu sanda tu."

"Wewe fundi wa wapi? Dirisha hili nimelitunza mimi."

"Limetunzwa, ndiyo. Hata mchwa wanakushukuru, Injinia. Wamekaa kwenye nyumba ya rangi, wenzao wako porini."

Mjomba akamgeukia Mama. "Dada, unasikia? Natukanwa mbele yako." Na Mama, ameketi kitandani na leso mdomoni, akamwambia, "Kaa kwanza, mdogo wangu, upate chai." Huyo ndiye mama yetu. Atakata roho huku akimkaribisha mtu kiti.

Nitakuja akapima, akasema fremu yote itoke, aende akatengeneze mpya ya mbao ngumu kisha arudi nayo. Lini? Unajua alichonijibu. Tukatundika shuka kuukuu kwenye ule upande uliochimbuliwa, tukangoja.

Kesho yake nilikwenda kazini, wifi yako akaenda sokoni. Niliporudi jioni, harufu ya rangi ilinipokea tangu nje. Dirisha la Mama lilikuwa jeupe, laini, linang'aa. Mjomba alikuwa ameyashindilia mashimo yote kwa puti ya kushikizia vioo, akabandika vipande vya plaiwudi, akavipigilia misumari kuzunguka, kisha akapaka juu yake. Nilimkuta nje ya mlango ananawa mikono kwa mafuta ya taa, ametulia kama mtu aliyetoka kutoa sadaka.

"Dada yako anakuja," akaniambia. "Utamwonyesha shimo? Mgeni anatazama rangi, hatazami ndani ya mbao."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, lakini si maneno ya kumwambia mjomba. Kinyaa kilinishika. Mchwa sikuwachukia, wale wanafanya kazi yao. Nilichochukia ni ule uso safi, uso wa mtu anayeona nyumba imejengwa kwa ajili ya macho ya mgeni. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga. Hawakusema kombe lifunikwe na mtu akiwa ndani.

Mama nilimkuta ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, anakohoa kikohozi kile kirefu kama cha mtu anayevuta kamba kisimani. Nikamuuliza kwa nini alimruhusu.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Alikuja na brashi mpya."

Nikamwambia basi tuanze kufunga mizigo, maana sasa dirisha lina misumari, na Dada akifika hatakuwa na haja ya kubishana na mtu. Nilisema bila hasira, kama mtu anayesoma saa. Mama akanitazama, akaitazama ile plaiwudi, akafuta mdomo. Kisha akamwita Mjomba.

"Mdogo wangu, kazi imekuwa nzuri?"

"Nzuri sana, Dada."

"Basi leo lala humu. Mimi nitajilaza sebuleni. Nataka wa kwanza kuifaidi uwe wewe."

Mjomba akacheka. Mama hakucheka. Mjomba akasema rangi bado mbichi, Mama akamwambia, "Mimi nimelala na mbichi zako zote." Mjomba akasema mgongo wake umezoea godoro lake, Mama akamkumbusha kwamba hili alilichagua yeye. Mjomba akanigeukia mimi, nami nikawa natazama dari, ambayo pia ni kazi yake. Mama akachukua mto wake, akatoka, akaufunga mlango taratibu kama anayefunika chungu.

Asubuhi Injinia alitoka na macho kama nyanya mbili, kamasi imefika kwenye masharubu, anapumua kama filimbi iliyoingia maji. Hakusema kwamba amekosa, hilo usilitegemee. Hata siku atakayozikwa, kosa litakuwa la mchimba kaburi. Alisema kulikuwa na joto. Alisema kuna vitu vinakwaruza ndani ya ukuta na vina meno. Akaenda uani, akatema, akakitazama alichokitema kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akaniuliza nyundo iko wapi.

Akaing'oa misumari yake mwenyewe. Ungekuwepo, Dada. Mjomba anabandua plaiwudi, pua ameifunika kwa mkono wa shati, na mende wanaporomoka juu ya viatu vyake kama jamaa waliomkosa siku nyingi. Mama amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, anaelekeza. "Hapo pia. Na kule juu. Usiniachie hata kidogo cha ukumbusho." Uchafu uliotoka ulijaza ndoo zote za nyumba hii, na mbili za jirani ambazo wifi yako amekataa zisirudishwe mpaka tununue nyingine. Tulichimba shimo nyuma, tukafukia. Kuku walikuja kuonja, wakaondoka.

Nitakuja alikuja, baada ya kuzikanyaga ahadi mbili njiani. Fremu yake ni ya mbao nzuri, lakini ilikuwa imepinda, kwa kuwa aliipima kwa macho, na macho yake yana pima maji ya kwao. Chini palibaki nafasi ya kupitisha kidole. Nilipomwonyesha, akasema hiyo ni ya hewa. Tukamrudisha, akaranda, akanung'unika, akanywa chai, akaiweka tena. Sasa imekaa. Bawaba zinalia kidogo. Rangi haina, imepakwa mafuta ya mbao tu, na Mjomba akionekana na brashi, wifi yako anasimama mlangoni na mwiko.

Sasa lile lako. Mama bado anakohoa kukicha, sitaki nikudanganye, tumeshadanganyana vya kutosha kwa rangi. Daktari amemsikiliza tena mgongoni, akasema kifua kimelegea kidogo, dawa aendelee nazo, na chumba kibaki hivyohivyo. Alichoshindwa kutibu ni kwamba barabara imepata msimamizi. Mama analifungua dirisha mwenyewe, anaweka viwiko juu ya mbao mpya, na hakuna anayepita bure. Mwalimu wa nyumba ya pili ameambiwa koti lake limevaliwa nje ndani. Kinyozi ameulizwa nywele anazozifagia kila siku anazipeleka wapi. Watu nisiowajua wananisimamisha kazini kunieleza Mama ameamkaje.

Juzi nilimuuliza, Mama, Dada nimwandikie nini.  Alikuwa na mazungumzo na muuza maharage, aliyesimama chini ya dirisha na mkokoteni wake.

"Mama, nasikia unahama," yule muuza maharage alimwambia.

"Nani kakwambia? Mwanangu anakuja mwisho wa mwezi kunitembelea. Niletee gunia zima, na safari hii utoe mawe."

Dada, mtu anayehama haagizi gunia zima la maharage. Kitandue kile kitanda. Wewe njoo, tunakungoja, nawe utalala chumba kimoja na Mama ili masikio yako yajihakikishie yenyewe.

Msalimie shemeji na wapwa zangu wote, bila kumsahau yule mdogo anayenuna akitajwa wa mwisho. Binamu yetu dereva ukimwona, mwambie shangazi yake anamuulizia. Wifi yako anakusalimu. Mjomba pia anakusalimu, kwa sauti ya puani.

Mungu akulinde huko uliko, akupe pumzi ndefu, na kuta zisizokuficha kitu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa bado nanuka.