Vidonge Nusu vya Mama

Baba, shikamoo.

Dalili ya kwanza niliyoiona ni nywele za mama kwenye kitana, nyingi hadi meno yake hayaonekani. Nikazitoa, nikazitupa.

Leo asubuhi ameanguka mlangoni mwa bafu. Anaongea, ila miguu haimbebi. Nampeleka hospitali nikisaidiwa na yule fundi cherehani wa jirani.

Chakula kipo kwenye sufuria, kipashe moto. Kisha utufuate na lile kopo la unga wa protini, daktari alione. Usishangae kulikuta bado zito. Mama alikuwa akijichotea kijiko kimoja kwa siku badala ya vitatu. Lete na vidonge vya vitamini, viko kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Vimekatwa nusu kwa wembe.

~~Usimwambie bibi.~~ Mwambie bibi.

Siku mama alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, daktari alisema hivi vitu atavitumia maisha yake yote, kwa sababu chakula peke yake hakitamtosha tena. Nilikuwepo, nilisikia. Lakini kila ukirudi kutoka dukani unasema, "Tumbo limepungua, matumizi yameongezeka!" Tunacheka wote, na mama anacheka kutuzidi.

Baba, wembe ni wangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha mama jinsi ya kukata, ili vidonge vifike mwisho wa mwezi usije ukanuna. Nilidhani namwokoa na maneno yako.

Mwanao wa kwanza