Dada wa Vidonge na Peremende

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukicheka basi cheka kidogo. Nina miaka kumi na tisa, nilizaliwa na virusi vya ukimwi, na kliniki yetu imenifanya mwelimishaji rika, yaani nawasaidia wadogo wenye hali kama yangu wasiache dawa, hata bango la pale mlangoni ni picha yangu nikitabasamu na glasi ya maji. Nimekabidhiwa binti wa miaka kumi na minne tunayemwita Wakili kwa ubishi wake, na kila siku saa kumi na mbili jioni tunapigiana simu ya video, tunahesabu moja mbili tatu, tunameza, tunaoneshana ulimi. Sasa nimehamia kwa shangazi, fundi cherehani, nalala chumba kimoja na makopo yake ya vifungo, naye hajui hali yangu na masikio yake yanasikia sindano ikianguka, nikaogopa kopo langu la dawa litalia nikilifungua, nikalificha chini ya begi na kuanza kumeza peremende nyeupe mbele ya simu, nikijiambia ni siku mbili tu, zikafika kumi na moja. Juzi Wakili akasogeza uso kwenye kioo, akasema, "Dada, dawa haitafunwi."

Kumbe nimejisahau, naitafuna. Tangu hapo amegoma kumeza mpaka nimeze mimi, leo siku ya tatu. Nimembembeleza, nimemtisha kwa nesi, ananijibu nimwite huyo nesi tuulizwe wote wawili. Nimfanyeje ameze bila nesi kujua mambo yangu? Naogopa bango litabanduliwa, na naogopa zaidi mtoto wa watu akiugua kwa ajili yangu.

Dada wa Vidonge

Wewe Dada wa Vidonge, nimecheka, halafu nikakasirika, ndiyo maana barua yako nimeipandisha juu ya zote ijibiwe leo leo. Mganga hajigangi, tunajua, lakini wewe umejiganga kwa peremende. Unahesabu moja mbili tatu kwa sauti nyumbani kwa shangazi, hilo hukuliogopa, unaogopa kopo? Tena katika chumba chenye makopo ya vifungo yanayolia kutwa nzima?

Pole, mwanangu. Unachoogopa si kelele, ni swali la shangazi, na hofu hiyo inachosha kweli.

Sasa sikiliza. Jioni hii toa kopo, mpigie Wakili, meza dawa yako ya leo tu, usifidie za nyuma. Kesho asubuhi nendeni kwa nesi wote wawili, na uanze kusema wewe. Taja siku zote, usipunguze hata moja, wapime waone dawa inaendeleaje mwilini. Huyo nesi ameshasikia makubwa kuliko peremende. Mwombe pia akusaidie namna ya kumwambia shangazi, siku utakayokuwa tayari.

Bango wakilibandua, walibandue. Ulipewa mtoto umwangalie, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anakuangalia. Amekaa siku tatu bila dawa akikusubiri. Usimwongezee ya nne.