Maji ya Chumvi kwa Mama

Mtaa wa Mahiwa,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Machi 11, 1978

Mpendwa Kaka Isidori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji Angelina na watoto, na kwamba mvua haijayalaza mahindi yenu. Hapa mimi, Severa na wanetu hatujambo. Hakuna aliyeharisha nyumbani hadi leo asubuhi. Ndivyo tunavyojibu salamu Kariakoo siku hizi. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, anataka kujua hilo kwanza.

Mama ni mgonjwa sana. Naandika hili mapema ili usihangaike kulitafuta huko chini. Si kipindupindu. Ni moyo ule ule uliomleta kwangu.

Barua yangu ya Januari ilikueleza kwamba anapata nafuu, na ilikuwa kweli. Daktari Shomari alinieleza kwamba moyo wake umetanuka na umechoka kusukuma damu, kwa hiyo maji yanabaki mwilini, kwanza miguuni, kisha kifuani. Alimpa dawa ya kuupa moyo nguvu na vidonge vya kutoa maji. Alimkataza chumvi kabisa, na maji ya kunywa akamwekea kipimo. Miguu ikapungua. Nilimkuta siku moja kwenye baraza la wodi akibishana na mgonjwa mwenzake kutoka Moshi, akimwambia watu wa kwao hawajui kupika kisamvu.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Wodi yao ikahitajika. Wagonjwa wa moyo walioweza kutembea walirudishwa makwao, kila mmoja na pakiti ya vidonge. Simlaumu mtu. Nilikuwapo kikazi, nikiandikia gazeti, wakati malori yakishusha watu, na hapakuwa na mahali pengine pa kuwalaza. Kliniki aliyoambiwa arudi nayo ikafungwa.

Usingeutambua mtaa wetu. Mihogo ya kukaanga, madafu, maji ya matunda, vyote marufuku. Soko jipya linanuka klorini hadi ghorofa ya juu. Kule Feri samaki hawanadiwi. Mabasi ya kwenda mikoani hayapakii abiria asiye na kibali.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka Mzee Mrisho, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuandikia barua ya utambulisho ulipokuja kututembelea? Bwana Afya aliwaita mabalozi wote akawafundisha kuchanganya maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, wampe mtu aliyeanza kuharisha wakati gari la wagonjwa linatafutwa. Ni maelekezo mazuri, na yameokoa watu. Lakini yalipofika kwenye nyumba zetu yalikuwa yamegeuka. Mzee Mrisho alielewa kwamba ni kinga, na kwamba kila mtu lazima anywe, mzima na mgonjwa, asubuhi na jioni, mbele ya balozi. Akawa anapita mlango kwa mlango na ndoo yake na kikombe cha bati. Sukari ilikuwa yake mwenyewe, na wewe unajua sukari ilivyo adimu.

Severa alimweleza kwamba Mama amekatazwa chumvi. Mzee akamjibu kwa upole, "Binti yangu, hiyo waliyomkataza ni chumvi ya mboga. Hii ni chumvi ya dawa." Severa akakataa katakata, naye akaondoka bila ugomvi. Tulidhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu Mama alikuwa na kiu. Mgonjwa wa moyo ana kiu ambayo sisi hatuijui, na chakula kisicho na chumvi kilikuwa kimemchosha. Severa akienda foleni ya bomba na mimi nikiwa kazini, Mzee Mrisho alikuwa anapitisha kikombe dirishani. Nilipomuuliza Mama, hakuficha. "Wewe unanipimia maji kama dawa ya macho," aliniambia. "Mrisho ananipa kikombe kizima, tena kitamu, na anasema ni agizo la chama. Nikatae, mimi nani?"

Tulipogundua, alikuwa hawezi tena kulala chali. Anakaa ameegemea ukuta kwa mito, na pumzi yake inasikika hadi uani. Miguu imejaa, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Nilikwenda kumwambia balozi. Alikaa kwenye baraza lake, akaweka ndoo chini, akauliza, "Nimemuua?" Nikamjibu sijui. Lilikuwa jibu la kweli. Tangu hapo analeta mkaa, anauacha mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi.

Jumatano tulimpeleka hospitali kwa teksi, mimi na Sitara, jirani yetu wa chumba cha uani, ambaye alimshika Mama asianguke kwenye kiti. Langoni wameweka meza, na muuguzi ana swali moja tu.

"Anaharisha?"

"Haharishi. Ana ugonjwa wa moyo."

"Basi mrudishe nyumbani, kaka yangu. Humu ndani utamtia kwenye ugonjwa ambao hana."

Sitara akanifinya mkono. "Sema anaharisha, wewe! Akishaingia watajua wenyewe. Mwandishi mzima unashindwa kutunga uongo mmoja?"

Kaka, nimeingia kwenye mahema yale ya wagonjwa wa kipindupindu. Anayefikishwa humo analazwa na kutundikiwa dripu mara moja, chupa baada ya chupa ya maji ya chumvi, na hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza historia ya moyo wa mtu. Wanafanya sawa. Ndiyo inayowainua wenye kipindupindu. Kwa Mama ingekuwa sawa na kumzamisha. Na anayefia humo anazikwa na watu wa Afya, ndugu wakiambiwa baadaye. Yote haya niliyajua, lakini midomo ya Mama ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, na hapakuwa na lango jingine. Nilifungua mdomo ili niseme anaharisha.

Mama akaniwahi. Alimwambia muuguzi, akivuta pumzi kila baada ya neno, "Mwanangu, usimsikilize huyu. Mimi hata choo sijapata tangu juzi."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameiona miguu. Anaitwa Sista Zamzam, nakutajia umwombee. Aliacha meza, akaenda kumtafuta Daktari Shomari mwenyewe. Daktari alikuja na buti za mpira, akamsikiliza Mama kifua ndani ya teksi, akamchoma sindano hapo hapo. Tulimshusha nyuma ya ukuta, Sitara akashika kanga kumsitiri, na maji yakatoka mengi. Pumzi ikashuka. Usiku huo alilala kidogo.

Lakini kitanda hakikuwapo. Vidonge vya kutoa maji navyo havikuwapo, si kwenye duka la dawa la hospitali, si kwenye maduka ya mjini. Nimezunguka kuanzia Kariakoo hadi Magomeni, na wenye maduka ninaofahamiana nao wamenifungulia makabati nikaangalia kwa macho yangu. Daktari hakunificha. Sindano imetoa maji yaliyokuwapo, alisema, lakini yatarudi. Akipata vidonge na akaacha chumvi, anaweza kuendelea vizuri tu. Asipovipata, yatajaa tena kifuani, na hatazamii kwamba moyo wake utahimili mara ya pili.

Leo ni Jumamosi. Miguu imeanza kujaa tena.

Ninachokuomba ni hiki. Nenda kwenye hospitali ya misheni huko kwenu ukawaeleze. Daktari ameandika majina ya dawa kwenye karatasi aliyotia sahihi, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Anasema hospitali za misheni huagiza dawa zao kwa njia nyingine, huenda wanazo. Barua inaletwa na Kasmir, dereva wa lori la ushirika, ambaye ana kibali cha kutoka na kuingia Dar. Akishapakia mahindi anageuza. Ameniahidi atapita shuleni kwako kabla ya kuondoka.

Mama ameniita hapa nikiwa katikati ya kuandika. Anajua ninamwandikia nani. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie Isidori asije. Huku kuna ugonjwa. Mtoto mmoja anatosha kunizika, mwingine abaki na watoto." Nikamwambia nitaandika. Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza wala kuongeza.

Sasa soma maneno yangu. Dawa usimpe Kasmir. Zilete mwenyewe, ukae naye kwenye lori. Jana nilipomwinua Mama kumgeuza, aliniita kwa jina lako. Akili yake ilikuwa timamu. Alinitazama, akaona haya, akaniuliza kama nimekula. Zikikosekana dawa, panda lori hilo hilo, uje mikono mitupu. Njoo, Kaka.

Nisalimie shemeji Angelina na watoto. Mjomba Pantaleo mpe salamu zangu na umweleze yote, ila Bibi mwambie tu kwamba Mama anaumwa. Severa anakusalimu, na Sitara anasema atakuchemshia maji ya kunywa yeye mwenyewe, yasiyo na chochote ndani.

Mungu akufungulie njia, na kila kizuizi akupitishe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na ninayelitazama kila lori linaloingia,

Gaudens